Katiba Yetu na Dini: Yaliyo Mema na Yaliyopungua

Ukimwuliza mtu hapa Kisangani kama Serikali yetu ina dini, atajibu upesi: "Haina, Katiba yasema hivyo." Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Maana nchi isiyo na dini yake si nchi inayochukia dini, wala haipaswi kuwa nchi inayonunua urafiki wa wakubwa wa dini. Basi, wapenzi wasomaji, tuichukue Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, tuisome kwa makini kama tusomavyo kitabu kingine, tukisifu palipo pema na kusema wazi palipopungua.

Kifungu cha kwanza chaiita Kongo nchi laïc. Neno hili la Kifaransa huwatisha Wakristu wengi, wakidhani kwamba ni jina jingine la ukafiri. Sivyo. Maana yake ni kwamba Serikali haimlazimishi mtu kusali, wala haimkatazi. Kifungu cha 22 chaeleza zaidi: kila mtu ana uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini, naye aweza kuionyesha dini yake peke yake au pamoja na wenziwe, mbele ya watu au faraghani, kwa ibada, kwa mafundisho, na hata kwa maisha ya utawa. Na kifungu cha 61 chaongeza neno kubwa: hata nchi ikiwekwa chini ya amri ya kijeshi, kama walivyowekwa majirani zetu wa Ituri mwezi wa Mei 2021, uhuru huo haugusiki.

Thamani ya maneno haya yajulikana kwa wale waliokosa. Simon Kimbangu alihukumiwa kufa mwaka 1921 kwa ajili ya mahubiri yake. Mfalme wa Ubelgiji akaibadili hukumu, naye akakaa kifungoni miaka thelathini mpaka akafia Elisabethville mwaka 1951. Wazee wetu wakumbuka pia siku za Mobutu. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa. Mwaka 1974 Noeli ilifutwa katika siku kuu za nchi, na mwisho wa mwaka ule shule za misioni zikatwaliwa. Hata hapa mjini, Chuo Kikuu Huru ambacho Waprotestanti walikianzisha mwaka 1963 kilimezwa na Serikali mwaka 1971. Kwa hiyo anayesema kwamba vifungu hivi ni karatasi tu, hajui nchi ilikotoka.

Hata hivyo, nasema kwamba Katiba hii imeandikwa na watu waliokumbuka fimbo, wakasahau asali. Yatukinga vema na Serikali inayopiga. Na Serikali inayotoa zawadi je? Hapo haina neno.

Tuangalie mambo yalivyokwenda. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo ilifanya mapatano na Roma: misioni zikapewa ardhi ili zijenge shule, nazo zikakubali kwamba masomo yawe chini ya macho ya Serikali. Matunda yake hayakuwa machache. Maelfu ya watoto walijifunza kusoma. Lakini Waprotestanti walikaa bila msaada wa Serikali kwa shule zao mpaka mwaka 1946, nao Waislamu wa mji wetu, waliokuwapo tangu siku za Tippu Tip, walitazamwa kwa wasiwasi. Aliyekaa karibu na meza hakuuliza sana habari za aliyebaki nje. Na shule zile zilizositawi chini ya mkono wa Serikali, mkono ule ule ulizitwaa mwaka 1974, mpaka mapatano mapya ya tarehe 26 Februari 1977 yaliporudisha uongozi wake kwa madhehebu.

Mfano wa Kardinali Malula wafundisha zaidi. Serikali ilikuwa imemjengea nyumba. Alipokataa kuinama mwaka 1972, alilazimika kwenda kukaa Roma kwa miezi kadhaa, na nyumba ile ikachukuliwa, ikapewa vijana wa chama. Kardinali alikuwa mtu shupavu, na zawadi haikumfunga ulimi. Lakini ni wangapi wangefanya kama yeye?

Pengine msomaji atauliza: "Je, walimu wa shule zetu za mapatano hawalipwi na Serikali? Tuwakatae?" Hapana. Mshahara wa mwalimu ni haki ya watoto, nao watoka katika fedha ya watu wote. Kifungu cha 45 chenyewe chasema kwamba shule za taifa zaweza kuwapa wanafunzi mafundisho ya dini yao, pamoja na viongozi wa dini, wazazi wakiomba. Angalia neno hilo: wazazi wakiomba. Haki imewekwa mkononi mwa baba na mama, si mkononi mwa waziri, wala mwa askofu. Kitolewacho kwa wote kwa sheria ni haki. Kitolewacho kwa mmoja kwa mapenzi ya mkubwa ni deni, na siku ya kulidai itafika.

Upungufu mwingine ni mkubwa zaidi. Sheria za Tume ya Uchaguzi, CENI, zimewapa wakuu wa madhehebu kazi ya kumchagua mtu wa kuwa mwenyekiti wake. Kwa maneno mengine, nchi isiyo na dini yawapa wakuu wa dini kura katika jambo kubwa la Serikali. Tuliyaona matokeo mwaka 2021. Madhehebu manane yaligawanyika: Wakatoliki na Waprotestanti wa ECC upande mmoja, sita waliobaki upande wa pili pamoja na Bwana Denis Kadima, ambaye ndiye aliyewekwa. Mwezi wa Agosti vijana waliishambulia nyumba ya Kardinali Ambongo huko Kinshasa. Watu walioitwa kuwa wapatanishi waligeuzwa kuwa wagombanaji.

Mtu atasema: "Lakini Askofu Mkuu wetu Marcel Utembi hakuwaongoza wanasiasa mpaka mapatano ya tarehe 31 Desemba 2016?" Ndiyo, akiwa mwenyekiti wa Baraza la Maaskofu, alifanya hivyo. Lakini tupambanue. Watu wanaogombana wakimwita mzee awapatanishe, mzee huyo huja, husema, halafu hurudi nyumbani kwake. Sheria inayomweka mzee katika ugomvi kila uchaguzi ni jambo jingine. Ya kwanza ni huduma, ya pili ni cheo.

Mtaguso Mkuu wa Vatikano ulilijua jambo hili. Katika hati yake juu ya Eklezia katika ulimwengu wa sasa, ya tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba Eklezia haiweki tumaini lake katika upendeleo wa watawala, na ya kuwa itaacha hata haki fulani ilizozipata kihalali, zikionekana kuutia shaka ushuhuda wake. Fundisho hili lajaza pale Katiba ilipopungua. Katiba yaweza kumzuia waziri asituguse. Haiwezi kutuzuia sisi tusinyoshe mkono.

Basi, wakati wa uchaguzi, mgombea akija parokiani na mabati na mifuko ya saruji, akaomba kusimama mbele ya altare awasalimu Wakristu, halmashauri ya parokia ijiulize: je, tungempa mpinzani wake nafasi ile ile? Kama la, mabati yale yana bei. Wenye kutoa husema mkono mtupu haulambwi, na wanajua kwa nini wanausema usemi huo. Afadhali kanisa lenye paa linalovuja, ambamo padri aweza kusoma barua ya maaskofu siku ya Dominika bila kutazama kwanza ni nani aliyeketi katika benchi la mbele.