Nganya Isiyonguruma

Habari za basi la umeme Nairobi huandikwa karibu zote na watu wa biashara. Utasoma mtaji, utasoma kaboni, utaona picha ya mheshimiwa akikata utepe. Sijaona mtu akilihakiki basi lenyewe, ilhali katika mji huu mat imekuwa sanaa tangu tuzaliwe. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo elimu yangu kubwa ya uhakiki nimeipata kwa kiti cha nyuma. Wacha nilisome basi hili kama ninavyosoma nganya yoyote.

Kwanza, nganya inaandikwaje? Isuzu NQR huanza maisha ikiwa chesisi: injini, fremu, magurudumu. Bodi hujengwa hapa hapa. Kuna fundi wa kuchomelea, fundi wa viti, msanii wa michoro, mtu wa saundi na taa, kisha jina, ambalo huchaguliwa kwa uzito kuliko jina la mtoto. Ni kazi ya wengi, kama filamu. Hata serikali imewahi kuwa mhariri wake. Kanuni za Michuki za 2004 zilileta mstari wa njano, mikanda na vidhibiti mwendo, na michoro ikapigwa vita. Mwishoni mwa 2014 Uhuru Kenyatta akaagiza wasanii waachwe wachore. Miaka hiyo kumi sanaa ilijikunja, haikufa, kwa sababu wenyewe walikuwa bado na funguo za gari.

Basi la umeme linafika likiwa limeshaandikwa. BasiGo walioanza kazi barabarani 2022 walitumia muundo wa BYD ya Uchina, abiria 25, na baadaye sehemu zikaanza kuunganishwa Mombasa. Kuunganisha ni ajira, na ajira ni ajira. Lakini anayeunganisha hafuti wala haongezi sentensi. Ukiingia ndani unakuta nadhifu kama zahanati mpya. Nje, maandishi makubwa yanakwambia basi ni la umeme, kama kitabu ambacho jalada lake limeandikwa "kitabu."

Lakini haki yake nimpe. Ukimya wa hili basi ni kitu cha ajabu. Unaisikia sauti ya konda bila yeye kupasua koo. Unawasikia mama wawili wakibishana kuhusu chama, na kijana akimdanganya mtu kwa simu kwamba ameshafika tao. Miaka yote injini ilikuwa inatufunika. Halafu kuna moshi. Ukiwahi kusimama nyuma ya basi la dizeli pale Ngara saa kumi na mbili jioni, huwezi kuniambia eti ule moshi ni utamaduni. Makanga anayening'inia mlangoni ndiye anayeuvuta kwanza, kabla ya mshairi yeyote kuusifu. Kwa hivyo siandiki hapa nikililia dizeli.

Shida yangu iko kwenye mkataba. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na sako haiwezi kuilipa mara moja. Kwa hivyo BasiGo waliweka mpango huu: unanunua basi, betri inabaki yao, na unalipa kwa kila kilomita. Ni akili, siwezi kukataa. Bila hiyo wenye mat wengi wasingethubutu. Lakini soma kama msomaji wa fasihi. Mwandishi amemiliki kila ukurasa isipokuwa ule ambao bila huo hadithi haisongi. Na hata bodaboda wa umeme anayebadilisha betri kwenye kituo yuko hapo hapo: pikipiki ni yake, nguvu ni ya kukodi, na njia yake inaishia mahali vituo vinapoishia.

NQR ikifa leo, inasukumwa hadi Grogan, na kabla jua litue kuna mtu chini yake ana grisi hadi kwa kope. Huyo mtu hakusomea popote. Alifunguliwa injini na mwenzake, naye atamfungulia mwingine. Betri ya volti mamia haifunguliwi hivyo, inaweza kukuua. Bila kumfundisha fundi wa Grogan, tutakuwa tumebadilisha mafuta na pia tumefuta chuo kikuu kikubwa kisicho na cheti katika mji huu. Kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko rangi.

Kuhusu serikali, kumbuka igizo la 2023. Usiku wa tarehe 25 Agosti stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Wiki mbili hazikuisha, Rais William Ruto akafika KICC kwenye mkutano wa tabianchi wa Afrika akijiendeshea kigari kidogo cha umeme, cha njano. Kama picha, ilikuwa kali. Kama hadithi, ilikuwa na tundu: tunajua stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo, ni safi kweli, lakini msafara wake kutoka Olkaria hadi soketi yako ndio unaokatika katikati. Mwezi huo huo petroli ikapita shilingi 200 kwa lita, na ghafla watu wengi walitaka kuamini kile kigari.

Kuna filamu moja fupi inayolijua jambo hili kuliko hotuba zote: Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009. Humo watu wanazalisha umeme kwa miili yao, wakikimbia na kuvuta kwenye mashine. Hakuna moshi, hakuna dizeli. Hakuna uhuru pia. Kahiu aliona mapema kwamba nishati safi haijibu swali la nani ameshika swichi.

Na matatu ilijibu swali hilo zamani. Kenda Mutongi, kwenye kitabu chake cha historia ya matatu cha 2017, anaonyesha biashara iliyojengwa na Wakenya wenyewe bila kusubiri mfadhili. Hiyo ndiyo fahari iliyokuwa inanguruma chini ya kiti. Sasa mtaji mwingi wa magari ya umeme unatoka nje, na walio na mtaji ndio wanaochagua jalada.

Hukumu yangu: basi zuri, maandishi yake bado ya kampuni. Wawape wasanii nafasi ya kuchora. Wawape mafundi wa Grogan mafunzo na vifaa. Betri ikishalipiwa kilomita zake zote, iwe ya mwenye gari. Saundi pia itabidi ipigiwe hesabu, maana besi na gurudumu zitakula betri moja, na dere atalazimika kuchagua kati ya ngoma moja zaidi na tripu moja zaidi. Mimi najua mitaa ambayo watachagua ngoma, kisha watafute fundi wa kuwatatulia. Huyo fundi awe ameshafundishwa.