Sifa za Mshusha Sauti

Kamere haijawahi kupungukiwa na kelele. Wiki nzima watu wa mashamba ya maua wako kwenye shifti, lakini Jumapili inapofika, makanisa ya mabati kati ya Barabara ya Moi South Lake na ufukwe wa wavuvi hufungulia spika kwa wakati mmoja, kila moja ikitaka kusikika kuliko jirani. Kupaza sauti hapa si ufundi. Wati zinauzwa, anayezitaka ananunua. Ninayetaka kumsifu mimi ni mzee mmoja, fundi wa redio, ambaye riziki yake ni kuishusha.

Kazi anayojivunia ni kisanduku cha bati kinachokaa kati ya maikrofoni na amplifaya. Mhubiri akinong'ona, kisanduku kinamwacha. Akipandwa na Roho akaanza kunguruma, kinaipunguza sauti yake kabla haijafika kwenye spika na kupasuka. Hakuna mkono unaogusa kitufe. Kinachofanya kazi ndani ni transista moja ya aina ya FET, inayogeuzwa kwa volti ndogo iwe rezista kubwa au ndogo kadiri inavyohitajika.

Hapo ndipo fundi hodari huachana na fundi wa kubahatisha. Transista ya namna hiyo ina upendeleo. Wimbi la sauti linapopanda, ukinzani wake huongezeka kidogo, linaposhuka, hupungua. Kwa hiyo nusu moja ya wimbi inaguswa kidogo na nusu ya pili inakandamizwa. Mwanakwaya anatoa noti moja, na nyingine, oktavo moja juu yake, inajipenyeza bila kuimbwa na mtu. Waumini hawatakuambia kuna kasoro gani. Watasema tu kwamba ibada imewachosha.

Dawa yake ni rezista mbili zinazolingana. Moja inatoka pale wimbi linapoingilia hadi kwenye geti la transista, ya pili inaleta kwenye geti hilohilo volti ya kuamuru. Kwa kuwa zinalingana, geti linapokea nusu kamili ya wimbi lenyewe, na nusu hiyo ndiyo inayofuta upendeleo. Si robo, si theluthi: nusu. Wenye hesabu wanaweza kuonyesha kwa mistari michache jinsi kipeo cha pili kinavyojifuta. Nimekaa kwenye benchi lake nikimtazama akipima rezista moja baada ya nyingine, zote zenye rangi zilezile, zote zikidai kuwa sawa, akizitenga mpaka apate mbili zinazolingana kweli. Rezista ni kitu cha shilingi chache. Anayempitia haraka atadhani mzee anapoteza muda.

FET nazo anazipima. Karatasi ya kiwanda ya aina iitwayo 2N5457 inakiri kwamba volti ya kuifunga yaweza kuwa nusu volti au hata volti 6, na zote zinatoka kwenye mfuko mmoja zikiwa na jina moja. Anazihifadhi kwenye vichupa vya dawa, kila kichupa na kipimo chake. Oskiloskopu hana. Anacheza mlio mmoja mtulivu kutoka kwenye simu, anafumba macho, anatafuta ile oktavo ya juu isiyotakiwa.

Kisha anahakikisha wimbi linalofika kwenye transista ni dogo sana, la milivolti kadhaa tu. Ujanja huu ni wa zamani: studio za Marekani zilipopokea mashine ya Bill Putnam iitwayo 1176, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa na FET inayofanya kazi hiyohiyo, na baadaye mhandisi Brad Plunkett akaitakasa kwa kuizuia isivuke eneo inalolimudu. Na mwisho ni subira ya kapasita. Volti ya kuamuru ikiachiwa haraka mno, inaanza kutetemeka pamoja na besi, na besi yenyewe inageuka kuwa mkwaruzo. Mafundi wengi hutaka kisanduku kiitikie papo hapo. Yeye anakiacha kipumue.

Kizazi chake kilikua na sikio. Walikuwa vijana pale kituo cha setilaiti cha Longonot kilipofunguliwa mwaka 1970, na nchi nzima ikajivunia sahani ile ya kunasa mawimbi hafifu kutoka angani. Walimsikia mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akiuliza kama huu ni ungwana, katika kipindi kilichoanza mwaka 1966, kupitia redio za betri zenye spika ndogo, na kila silabi ikafika nzima. Labda ninaipamba enzi ile. Redio nyingine zilikwaruza vibaya. Lakini zilipokwaruza, mtu alizipeleka kwa fundi.

Leo kunaletwa spika za magurudumu zenye taa za rangi na wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa kuliko ukweli. Zikipasuka sauti, wanaongeza. Serikali ilitoa kanuni za kelele mwaka 2009, zenye desibeli za mchana na za usiku, na ni vyema. Ila desibeli zinapima ukubwa, hazijui kama noti imetoka ilivyoimbwa. FET za miguu mitatu zenyewe zinazidi kuadimika, hata kwenye maduka ya Luthuli Avenue kule Nairobi, na mzee anazikwangua kwenye redio za FM zilizokufa.

Mwanafunzi hana. Kijana mmoja anayekodisha vyombo vya harusi alikiinua kile kisanduku, akakigeuzageuza.

"Mzee, hii inaongeza wati ngapi?"

"Haiongezi, kijana. Inapunguza."

Akakirudisha mezani, akauliza bei ya spika ya inchi 15.