CCNA na kazi ya kwanza: kitabu cha Odom hakijui udongo wetu

Ba ndugu, karibu kila juma napata ujumbe wa mtu wa promosyo: "Ingénieur, niko na dola 300, nifanye CCNA? Nitapata kazi?" Wananiuliza mimi juu wanajua nilisoma agronomi mpaka licence, na leo kazi yangu ni rezo. Mashamba nayaona tu nikiwa juu ya pilone. Badala ya kujibu kila mmoja peke yake, naongea juu ya kitabu chenyewe, kile ambacho wengi wetu tunapitia: CCNA 200-301 Official Cert Guide cha Wendell Odom, volume mbili, Cisco Press. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta mtihani, mara ya pili nilikuwa tayari ku kazi, na mara ya pili niliona mambo ambayo mara ya kwanza sikuyaona hata kidogo.

Nianze na kizuri chake. Odom anajua kufundisha. Kila sura inaanza na maswali madogo ya kukupima kama ile habari unaijua tayari, na pale njo unaona namna unavyojidanganya. Sehemu ya kugawanya anwani, ile inayotisha kila mtu, anairudilia kwa mazoezi mpaka inakaa mu kichwa. Mimi niliishika kama kukata shamba mu vipande: /24 ukiikata mara nne unapata /26, kila kipande anwani 64, na 62 tu njo za kupatia mashini. Ku oditwari tungekariri hiyo kwa interro na kusahau siku ya pili. Kwa Odom nilifanya mpaka nikaacha kalkileti.

Kisha kuko Packet Tracer, ile programu ya bure ya Cisco ya kuigiza rezo. Nilikaa nayo miezi. Mu Packet Tracer umeme haukatike. Ruta haishike vumbi, panya haikule kable, na ukiharibu unafunga bila kuhifadhi, unaanza upya. Nilipita mtihani, nikaweka sertifika ku simu kama foto ya ndoa.

Miezi kumi na ine nilikuwa nayo bila kazi.

Entretien ya kwanza ya kweli ilikuwa kwa mtu mumoja anayegawa intaneti hapa Lubumbashi. Nilijipanga kuongea OSPF. Patron hakuuliza OSPF. Aliweka ku meza kipande cha kable, pensi na vichwa viwili vya RJ45. "Tengeneza." Rangi nilizijua kama sala: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Odom anazionyesha vizuri, waya gani ku pini gani. Lakini mkono wangu haukuwa umewahi kushika pensi. Kichwa cha kwanza nilikivunja. Cha pili, ku tester taa ya tatu haikuwaka. Akafungua Winbox, programu ya kukonfigire ruta za MikroTik, akasema: "Huyu client mufungulie PPPoE, mupe mega mbili." PPPoE ilitolewa mu programu ya CCNA tangu 200-301 ilipoanza, mu Februari 2020. Nilibaki naangalia ekra. Alinishukuru kwa adabu, nikarudi ku nyumba kwa miguu.

Usiku ule nilichukua orodha ya Cisco yenyewe, ile ya mambo ya mtihani, na nikaisoma kwa kuangalia vitenzi tu. Fanyeni hivyo nanyi. Kugawa mwendo wa intaneti ili anayeshusha filme asikule ya wote: orodha inasema "eleza". Kazi ya seva ya DHCP, ile inayopatia mashini anwani: "eleza". Kukonfigire wanakoomba ni upande wa client na relay. Sasa ku biro ndogo ya hapa kwetu, ile siku ya kwanza kabisa, wanakuomba mambo mawili hayo, na hawakuombe kueleza. Upande mwingine, asilimia 10 ya mtihani ni otomatiki: API, Ansible, na tangu toleo 1.1 la 2024 Terraform pia. Ni mambo mazuri kwa sosiete yenye swichi mia tano. Patron wako wa kwanza atakuwa na swichi sita, mbili kati yake alizinunua za mtumba.

Sisemi Odom amedanganya. Jina la kitabu linasema wazi: ni cha mtihani. Wanaonikasirisha ni bale wanaouza formation mu mji na kuandika ku afishi "CCNA = kazi", na wengine wao wanauzia watoto wa watu maswali ya mtihani ya kukariri. Cisco ikikukamata na hayo inaweza kufuta sertifika yako. Isipokukamata, pensi iko ku meza inakungoja.

Mu agronomi tulifundishwa kitu kimoja juu ya mbolea. Kipimo kilichoandikwa ku mufuko kilitoka ku majaribio, pahali penye mvua ya kutosha na udongo uliopimwa. Ukichukua kipimo kile kile ukamwage ku udongo wetu wa Haut-Katanga wenye asidi, bila chokaa, usishangae mahindi ikibaki fupi. Mbolea haina kosa, na kusoma mufuko si kupima udongo. Kitabu cha Odom kiko vile. Kinafikiria umeme uko, ruta ni za Cisco, kuko mukubwa wa kazi wa kukuonyesha mengine pole pole. Hapa hiyo mikono ya kukuonyesha ni michache, na wanataka ufike unajua.

Lakini kuko bale wanaosema: basi acha CCNA, nunua MikroTik kidogo, uangalie vidéo. Hapo nakataa. Nimefanya kazi na ba techniciens wa namna hiyo, wanajua wapi pa kubofya kunishinda. Siku moja ku hoteli moja rezo yote ilianguka. Wenzangu walizima na kuwasha kila kitu mara tatu. Mimi nikakumbuka sura za Odom juu ya spanning tree, nikatafuta mzunguko: mutu wa usafi alikuta kable imeanguka, akairudisha ku ukuta, ncha zote mbili ku swichi ile ile ya bei ndogo isiyojua kujikinga. Nilichomoa moja, intaneti ikarudi. Ile siku niliona dola 300 zangu.

Na kuko vitu ambavyo havimo mu volume yoyote. Mu mvua radi ilikuwa inatuchomea antena ku site moja. Fimbo ya arde walikuwa wameipiga kando ya ukuta, ku udongo mwekundu mukavu kama tofali. Udongo mukavu haupitishi umeme vizuri. Hiyo naijua tangu gradua ya kwanza. Nikaomba tuihamishe chini, pale maji ya mvua yanapokaa, na tuipige ndani zaidi. Nilikuwa bado staziere, miezi mitatu bila mushahara, transport tu (na ni zuluma, nasema wazi, hata kama kila mtu anaifanya). Nafikiri arde ile njo ilifanya wanibakishe, kuliko sertifika.

Kwa hiyo kwa mwenye dola 300 mfukoni: usizipeleke zote ku mtihani kwanza. CCNA inadumu miaka mitatu, na saa inaanza kuhesabu siku unapopita, hata kama uko chômeur. Mimi nilikula zaidi ya theluthi moja yake nikiwa ku nyumba. Nunua pensi, tester, kable kidogo na ruta moja ndogo. Tengenezea mutu rezo, hata ya home ya wanafunzi, piga foto mbele na nyuma, andika kulikuwa shida gani. Soma Odom wakati ule ule, kichwa na mkono pamoja. Mtihani ulipe pale unaona matangazo ya kazi unayoweza kujibu, juu za mine na banki zinauliza hiyo sertifika mbele ya kukuita.

Volume 1 yangu iko bure, kurasa za subnet zimechafuka na kalamu. Volume 2 bado naisoma. Mwenye kuitaka ya kwanza aandike, lakini aje na pensi yake, tutatengeneza kable moja kabla sijamupatia.