"Nieleze" na "explain me": kiambishi kinapotolewa nje ya kitenzi

Mwalimu wa Kiingereza aliyefundisha Tanzania au Kenya anazijua vizuri sentensi mbili: "Explain me" na "Wait me". Huzipigia mstari mwekundu, mwanafunzi huandika masahihisho, na wiki inayofuata kosa linarudi lile lile. Huwa tunasema mtoto hakuzingatia. Mimi naamini amezingatia mno. Amefuata sarufi aliyoinyonya tangu utotoni, na bado hajaonyeshwa kwamba Kiingereza kinaigawa kazi hiyo kwa njia nyingine.

Tulipasue neno moja: "amenipikia". A- ni mtenda, -me- ni hali timilifu, -ni- ni mtendewa, -pik- ni mzizi, -i- ni kauli ya kutendea, na -a ni kiishio. Mambo yote hayo yamebebwa na kitenzi. Kiingereza husema "She has cooked for me". Ile -ni- imetoka tumboni mwa kitenzi ikasimama mwisho wa sentensi kama "me", na ile -i- imegeuka neno kamili, "for". Kihusishi cha Kiingereza, basi, mara nyingi hufanya kazi ambayo kwetu imefichwa katika irabu moja.

Tatizo ni kwamba irabu yetu ni moja na vihusishi vyao ni vingi. Ukimwandikia mtu, Kiingereza hutaka "to". Ukimnunulia, "for". Kisu cha kukatia nyama, "with". Na mvua ikikukuta njiani ukanyeshewa, watasema "We were rained on", kihusishi kikabaki mkiani bila nomino mbele yake, na sentensi ni sahihi kabisa. Ndiyo maana haitoshi kumwambia mwanafunzi aongeze kihusishi. Lazima aulizwe kwanza: -i- hii inamfikia nani, inamfaa nani, au inatumia chombo gani?

Kuna vitenzi vinavyotatiza zaidi kwa sababu Kiswahili hakivipi hata hiyo -i-. Nisubiri, nisikilize, niangalie: mtendwa anaingia moja kwa moja. Kiingereza hudai "wait for me", "listen to me", "look at me", vihusishi vitatu kwa umbo letu moja. Mwanafunzi anayeandika "wait me" ameitafsiri "nisubiri" kiungo kwa kiungo, hakuacha hata kimoja.

Sasa twende kwenye "explain me", maana hapo pana fumbo la kweli. "Tell me" ni sahihi. "Show me" ni sahihi. "Teach me" pia. Kwa nini "explain" ikatae? Jibu lina historia. Kiingereza cha kale kilikuwa na viishio vya kuonyesha nani katendwa na nani katendewa. Hata kiwakilishi cha mwanamume kilikuwa na maumbo mawili, "hine" kwa mtendwa na "him" kwa mtendewa. Viishio vilipopukutika, "him" ikabaki ikifanya kazi zote mbili. Kilichookoa maana ni vitu viwili: mpangilio wa maneno na kihusishi "to". Vitenzi vya asili, vifupi kama "give", "send", "tell" na "show", vilihifadhi ule mpangilio wa zamani wa kumtanguliza mtendewa bila kihusishi. Vile vilivyotoka Kilatini, kama "explain", "describe", "donate" na "suggest", kwa kawaida vinadai "to": "Explain it to me". Kanuni ina mipaka: "offer" na "promise" vina asili ya Kilatini lakini hukubali watendwa wawili. Sikiliza mkazo wavyo, uko kwenye silabi ya kwanza, ilhali wa "explain" uko kwenye ya pili. Sikio linasaidia pale kamusi inapomchosha mwanafunzi.

Mpangilio huo una sheria nyingine: chepesi hutangulia, kizito hufuata. "Give me the book" inakwenda vizuri kwa sababu "me" ni jepesi. Kitabu kikigeuka kiwakilishi, kawaida ni "Give it to me". Kiswahili hakiruhusu viambishi viwili vya watendwa katika kitenzi kimoja, kwa hiyo tunasema "nipe" na kitabu kinaeleweka kimyakimya. Kiingereza hakikubali ukimya huo. Mwanafunzi akiishia "Give me", msikilizaji anangoja amalizie.

Wepesi huo wa kiwakilishi ndio ufunguo wa vitenzi vya maneno mawili, ambavyo Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alivitaja kuwa kikwazo kikubwa kwa wageni. Tazama "He ran up the hill" na "He ran up the bill". Kwa macho ni pacha. Ya kwanza inasema alikimbia kupanda kilima. Ya pili, alirundika deni. Ukitaka kuzitenganisha, weka kiwakilishi. Kilima: "He ran up it". Deni: "He ran it up". Katika ya kwanza, "up" ni kihusishi kinachoshika kilima, kwa hiyo kiwakilishi hukifuata. Katika ya pili, "up" ni kipande cha kitenzi chenyewe, na kiwakilishi lazima kipenye katikati. Nomino ina hiari: "pick up the child" au "pick the child up". Kiwakilishi hakina: ni "pick him up" tu. Lakini "look after him" haivunjiki, kwa kuwa "after" pale ni kihusishi.

Kwa hiyo ningependa orodha za vitenzi vitupu ziondoke kwenye madaftari. Kuandika "wait: subiri" na "explain: eleza" ni kumpa mtoto nusu ya kitenzi. Aandike "wait for him: msubiri", "explain it to her: mweleze", "pick it up: kiokote". Kiwakilishi kikiwa ndani ya mfano, nafasi yake na kihusishi chake vinakaririwa pamoja. Na siku "explain me" ikijitokeza tena, mwalimu amwandikie mwanafunzi neno "nieleze" ubaoni, aizungushie ile -ni-, kisha amuulize: hii, kwa Kiingereza, inakaa wapi, na inashikwa mkono na nani? Mtoto anayeweza kujibu hilo amejifunza sarufi ya lugha mbili kwa swali moja.