Video ya Rapa Nui na neno "siri"

Bandugu wa chama, wengi wenu mumeona ile video inayozunguka katika makundi yetu: kisiwa cha Rapa Nui, mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki, na vibao vyake vya "maandishi ya siri", rongorongo. Picha ni nzuri, sauti inatetemesha. Lakini mimi niko na neno. Hiyo "siri" inarudiwa kila dakika, na inafunika mambo yanayojulikana.

Mwishoni mwa 1862, meli kutoka Peru zilianza kukamata watu wa kisiwa, karibu 1500, kwa kuwatumikisha. Wakubwa na waliojua kusoma vibao walikuwa kati yao. Wengi sana walikufa. Wachache waliorudi wakaleta ndui. Mwaka 1864 mmisionari Eugène Eyraud aliandika kwamba vibao viko katika nyumba zote, ila wenyewe hawavijali tena. Mwaka 1877 walibaki watu 111. Kule Tahiti, Askofu Jaussen alimwomba Metoro, mwana wa Rapa Nui, amsomee. Metoro aliimba, lakini maana haikushikamana. Leo vibao viko ishirini na kitu, vyote nje ya kisiwa.

Na lugha yenyewe? Watu wanaisema mpaka leo! Video haikugusa hiyo. Lugha ilipona, kusoma ndiko kulikufa, na tunajua namna gani. Hiyo haiko siri, ni historia.

Juu ya nini inaniuma? Kwetu Maniema Balega wako na mutanga: kamba ya kutundikia vitu vidogo, na kila kitu kinaita mezali yake. Mutanga hauko maandishi, ni kweli. Lakini ugonjwa ni mumoja: bila mutu wa kueleza, unabaki kamba tu. Wabeleji walikataza bwami mwaka 1948, na vitu vyake vingi viko leo katika vioo vya museo za Ulaya. Kioo kinachunga kitu, hakichungi neno.

Mimi mwenyewe sina usafi. Wakati wa kazi yangu ya mwisho wa lisansi nilizunguka Pangi nikiuliza wazee habari ya mihogo: shamba kubwa namna gani, magonjwa gani, mavuno ngapi. Babu yangu alikuwa na mutanga nyumbani. Nakumbuka ganda la konokono, ukucha na kipande cha mkeka. Jina la Kilatini la konokono yule ningeweza kulitaja palepale. Mezali yake sikuuliza. Sasa babu anachoka haraka, na maneno mengine yanamponyoka.

Kama video ingesema ukweli, ingetuachia swali moja la maana: kwetu, nani bado anajua kusoma? Badala yake imetuachia mshangao, na mshangao hautumi mutu barabarani.

Mwezi huu napanda pikipiki kwenda Pangi. Nitamwomba babu ashike kitu kimoja kimoja na aseme kwa Kilega, akiniruhusu nirekodi. Yale ya bwami ambayo hayako ya kila mutu, atayaacha yeye mwenyewe. Wenye wazee hai Pangi, Shabunda ao Mwenga, musingoje kiangazi.