Safu ya Sifuri

Muulize mchuuzi wa mayai wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ni mangapi yaliyopasuka njiani wiki hii, naye atakupa jumla. Sitini. Mia na ishirini. Atasonya, ailaumu barabara, kisha amgeukie mteja. Mama ninayetaka kumsifu hapa hakujibu hivyo. Yeye alifungua daftari la miraba, kama lile la hesabu shuleni, lenye safu nne alizozichora kwa rula: 0, 1, 2, na ya mwisho aliyoiandika “3 kwenda juu”. Kila trei iliyoshushwa ilikaguliwa yai kwa yai, ikapewa kijiti kimoja kwenye safu yake. Kijiti cha tano kilikatiza vinne vilivyotangulia, fungu likafungwa, akaanza jingine. Trei iliyofika salama nayo ilipata kijiti chake katika safu ya sifuri, na kalamu yake ilipofika hapo haikuwa na haraka hata kidogo.

Wenzake walimcheka. Walisema, kilichofika kizima kiuzwe, cha kuandikwa ni hasara. Nao walikuwa wengi, kwani mayai ya Uganda yamevuka mpaka huu kwa miaka mingi, yakiwaudhi wafugaji wa Kenya kwa unafuu wa bei yake. Mengi yalivushwa na vijana wa baiskeli, warithi wa wale waliobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka tangu miaka ya 1960. Huko Busia kuna pia wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Huku Malaba nilichokiona zaidi ni baiskeli za Black Mamba: ubao nyuma ya tandiko, trei zimepandana hadi kupita kichwa cha mwendeshaji, mpira wa tyubu ya zamani umezungushwa mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana. Mpira ukilegea, trei za juu hucheza. Ukikazwa mno, za chini hubonyea. Kuna kijana aliyekuwa akiujaribu mkazo kwa kuukwaruza kidole kama mtu anayetega sikio kwenye uzi wa litungu.

Ni kijana huyo niliyemkuta siku moja amesimama mbele ya Mama, kofia mkononi. Mayai yalikuwa yamepasuka mengi kuliko kawaida, na mwenye mzigo aliyekuwa pale alikwisha kumhukumu.

“Mama, wallahi sikuanguka,” alisema.

“Najua, mwanangu. Ungeanguka, ningeyakuta yamepasuka trei mbili tatu, mengine yote yakawa mazima. Haya yametawanyika, moja hapa, moja pale.” Akaligonga daftari kwa kalamu. “Ni maganda haya. Mwambie mwenye kuku awape chokaa.”

Kijana akavaa kofia yake. Mwenye mzigo akanung'unika, lakini malipo hayakukatwa.

Hukumu ile ilipita haraka hata nusura niisahau. Thamani yake niliiona baadaye, nilipokaa na karatasi. Yai halipasuki nusu. Katika trei ya mayai 30, yaliyopasuka ni sifuri, au moja, au mawili, na kuendelea. Hakuna moja na robo. Sasa tuseme katika kila mayai 50 moja hupasuka njiani, bila kosa la mtu, kwa bahati tu na kwa wembamba wa maganda. Wastani basi ni mayai 6 kwa kila trei 10. Mwenye kuujua wastani tu hutarajia hasara ndogondogo iliyoenea kila mahali. Lakini hesabu aliyotuachia Jakob Bernoulli katika kitabu kilichochapwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake, inasema vingine. Ukishusha trei 200 za namna hiyo, tarajia trei kama 109 zisiwe na hata yai moja lililopasuka. Trei 67 hivi zitakuwa na moja, 20 zitakuwa na mawili, na 4 tu zitafika matatu au kupita. Zaidi ya nusu huingia safu ya sifuri, ile waliyoiona wenzake haina kazi!

Hapa naomba msomaji anivumilie niende mbali kidogo. Mwaka 1898 mwanatakwimu Ladislaus von Bortkiewicz, mzaliwa wa St Petersburg, alitoa kijitabu kuhusu sheria ya namba ndogo. Mle ndani alikusanya vifo vya askari wa jeshi la Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi, kikosi kwa kikosi, mwaka kwa mwaka, kuanzia 1875 hadi 1894. Kwa vikosi 10 katika miaka 20 alipata mistari 200. Mistari 109 haikuwa na kifo hata kimoja. Mistari 65 ilikuwa na kimoja, 22 ilikuwa na viwili, mitatu ilikuwa na vitatu, na mmoja ulikuwa na vinne. Linganisha na trei zetu: 109 na 109, 67 na 65, 20 na 22, 4 na 4. Farasi wa Prussia na mayai yaliyovuka mto Malaba, wastani wao ukikaribiana, hupanga safu zao karibu sawasawa. Kanuni aliyoitumia ilikuwa ya Mfaransa Siméon Denis Poisson, ya mwaka 1837. Jibu kwa jeshi lilikuwa lilelile alilopata kijana wa kofia: huu ni mtawanyiko wa bahati, msitafute kikosi cha kulaumu.

Sasa geuza. Chukua trei 200 zilezile na mayai 120 yaliyopasuka, wastani uleule, ila trei 185 ni salama kabisa na 15 zina manane kila moja. Jumla haijabadilika hata yai moja. Ukijumlisha kwenye simu, itakuonyesha hasara ileile na faida ileile. Lakini bahati peke yake haipangi hivyo. Kuna aliyeangusha, au kuna aliyeketi juu ya mzigo. Dawa ya mtawanyiko wa kwanza ni chakula cha kuku au bei ya kununulia. Dawa ya wa pili ni kubadilisha mbebaji. Mchuuzi mwenye jumla peke yake atatibu ugonjwa usiokuwapo, na mara nyingi atamfukuza asiye na kosa. Maamuzi mangapi ya biashara katika miji hii miwili, Malaba na Busia, yamefanywa hivyo, sithubutu kukisia.

Kipaji cha namna hiyo nilikiona pia kwa wapika chapati waliokuwa wakifuata malori yaliyojipanga kungoja kuvuka. Tuseme chapati inamgharimu mpishi shilingi 12 naye anaiuza 20. Ikiuzwa anapata 8. Ikilala anapoteza 12. Mgeni atamshauri apike kadiri ya wateja wa siku ya kawaida. Mpishi mzoefu hupika pungufu ya hapo, na hesabu inamuunga mkono: kwa bei hizo, afadhali chapati zimwishie siku kama 6 kati ya 10, wateja waondoke wakilalamika, kuliko abaki na sufuria iliyojaa. Faida ikipanda na hasara ikashuka, naye huongeza unga. Francis Edgeworth, msomi wa Ireland, aliwaza jambo hilohilo mwaka 1888 juu ya benki: iweke akiba ya pesa taslimu kiasi gani ili wenye amana wakija isiaibike, wala pesa zisilale bure? Vyuo vya biashara vimejenga somo zima juu ya swali hilo. Malaba lilikuwa likijibiwa kabla ya mapambazuko, jikoni, na mwanamke aliyeyakumbuka malori ya jana, ya juzi, na ya siku kama hii wiki iliyopita.

Daftari nalo lina mipaka yake, na mwenye kulitunza ndiye wa kwanza kuijua. Kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018, lori halikuhitaji tena kusimama mara mbili, pande zote mbili za mpaka. Heri kwa wenye mizigo. Kwa aliyeishi kwa kumlisha dereva anayengoja, vijiti vya miaka ya nyuma vilikuwa vimeeleza dunia iliyokwisha kuondoka, ikabidi aanze ukurasa mpya. Kisha mwaka 2020 vipimo vya korona kwa madereva vikarudisha foleni ya Malaba nyuma makumi ya kilomita, kuelekea Bungoma. Na tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ikapiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani, na siku chache baadaye marufuku ikalegezwa kwa masharti. Safu gani ingepokea kijiti cha namna hiyo? Mwanauchumi wa Marekani Frank Knight alikwisha kutenganisha mambo haya mwaka 1921: kuna hatari inayopimika kwa yaliyotokea mara nyingi, na kuna isiyopimika kamwe. Mama hakumsoma Knight, ila siku za marufuku hakuziandika katika safu zake. Alizipigia mstari pembeni, kwa wino mwekundu.

Siku hizi simwoni mtu akichora safu. Simu imekuwa daftari, na simu hupenda jumla: zilizoingia, zilizotoka, salio. Vijana ndio wanaoniuma zaidi. Si kwamba hawajui uwezekano. Wanaujua usiku na mchana. Mkae nao kibandani Jumamosi mkawasikilize wakipanga mkeka, timu gani ina nafasi gani, dau gani litalipa kiasi gani. Wamezikariri namba alizowapangia mtu ambaye hula wanaposhindwa. Namba za mzigo wao wenyewe, ambazo hakuna awezaye kuwapangia, hawana.

Sijui niwalaumu vipi. Kidato cha tatu wamefundishwa upanuzi wa bainomia, na kidato hichohicho wamefundishwa uwezekano, kwa sarafu na dadu. Ni nani aliyeishi kwa dadu huku jirani, Amukura au Adungosi? Trei ya mayai hupita nje ya dirisha la darasa ikiwa na majaribio 30 yaliyokwisha kufanyika, ya kufa na kupona, na mwalimu hasimamishi somo akaileta ndani. Wanafunzi hupita mtihani, kisha hurudi sokoni kama hawakuwahi kufundishwa kitu.

Mama aliacha kazi, na mayai sasa hupokelewa kwenye ghala moja ambalo sitalitaja. Wana mizani, wana tarakilishi, wana stakabadhi iliyochapwa. Mwisho wa wiki hujumlisha yaliyopasuka, wakayagawa kwa trei zote zilizoshushwa, na kila mbebaji akakatwa sawasawa kwa kila trei aliyoleta. Wanasema ni haki kwa kuwa ni sawa kwa wote. Aliyeangusha trei tatu kwenye tuta analipiwa na wenzake, na asiyepasua hata moja analipa kama yeye, kwa kuwa safu yake haipo kwenye karatasi. Kijana wa kofia bado anabeba. Nilipopita karibuni niliona ameuzungusha mpira mara moja tu, bila kuujaribu kwa kidole, akapanda akaenda. Sikumwuliza kitu. Akaze mpira kwa ajili ya nani?