Rosa Mistika na Utamu wa Amukeke

Kila tunapokutana sisi tuliosoma sekondari mashariki mwa Uganda, mazungumzo huishia kwenye mambo mawili: amukeke na Rosa Mistika. Amukeke ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani, kisha vikapikwa na kuliwa kwa karanga za kusaga. Ng'ambo ya ziwa, Wasukuma huviita michembe. Rosa Mistika ni riwaya ya kwanza ya marehemu Euphrase Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kusomwa katika shule hizohizo. Nakala iliyofika bwenini kwetu haikuwa na jalada. Tuliificha sandukuni, chini ya mfuko wa amukeke.

Kumbukumbu hiyo ni tamu, na hapo ndipo lilipo kosa letu. Tulipoanza kuifundisha riwaya hii, tuliwasimulia wanafunzi jinsi tulivyoisoma kwa tochi, na jinsi kurasa za mapenzi zilivyochakaa kwa kufunuliwa. Darasa likacheka. Kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na baba yake je?" Hatukuwa na jibu.

Ikatubidi tuisome upya. Zakaria, baba mlevi wa kisiwani Ukerewe, anampiga vibaya bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Ni mzazi anayeamini kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, bila kufundishwa lolote kuwahusu. Anapofika chuo cha ualimu Morogoro, mbali na fimbo ya baba, hana kinga yoyote, na wanaume wenye vyeo wanaitumia nafasi hiyo. Mwisho wake ni kujiua. Kwa maoni yetu, anayeshtakiwa katika riwaya hii si Rosa peke yake, bali pia mzazi aliyetisha badala ya kulea, na walimu waliokabidhiwa mtoto wa mwenzao wakamharibu.

Riwaya ina kasoro zake. Rosa anabadilika upesi mno kutoka woga hadi ukaidi, na mahali pengine tunamsikia mwandishi akihubiri. Hata hivyo, kasoro hizo haziondoi uzito wa swali la yule msichana.

Waliopiga marufuku kitabu hiki waliziangalia kurasa zilezile tulizozichakaza sisi. Wao waliziogopa, nasi tukazifurahia, lakini wote tulimpita Zakaria bila kumwona. Kwa hiyo tunapojisifu kwamba tulikisoma kitabu kilichokatazwa, tukumbuke kwamba hatukukisoma chote.

Hata amukeke tumeisahau nusu. Sisi tunakumbuka utamu wake, lakini mama zetu waliianika kwa sababu walijua miezi ya njaa inakuja. Ukiwauliza, watakusimulia habari ya njaa kabla ya habari ya utamu.

Tunawashauri walimu wenzetu waanze kuifundisha Rosa Mistika kwenye ile barua na kile kipigo. Vichekesho vya bwenini vinaweza kusubiri. Darasani mwetu wamo mabinti waliolelewa na akina Zakaria, na huenda aliyetuuliza swali lile alikuwa mmoja wao.